Kutoka bwawa la shule Moshi hadi mashindano ya kimataifa: mwongozo kamili kwa mwogeleaji na mzazi wake

Wazazi wa Njiro na Sakina kule Arusha, na wa Shanty Town na Soweto hapa Moshi, huniuliza swali lilelile kila msimu: "Mwanangu anawaacha wote shuleni, mbona timu ya taifa haimwiti?" Nikiuliza muda wake, napewa namba iliyopimwa kwa simu, kwenye bwawa ambalo hakuna aliyewahi kulipima urefu, siku ambayo hakuna anayeikumbuka. Kwa wanaoteua timu, mtoto huyo hana muda.

Wengi wanakwama hapo, si kwenye kipaji. Mwongozo huu ni wa mtoto wa kati ya miaka 10 na 17 ambaye tayari anajua kuogelea mitindo yote minne: huru, mgongo, chura na kipepeo. Kama bado anajifunza kuelea, anza na hilo kwanza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Bwawa la mita 25 unaloruhusiwa kulitumia angalau mara tatu kwa wiki. Arusha na Moshi mengi ni ya shule za kimataifa na hoteli, kwa hiyo omba kwa barua, kama kikundi cha wazazi. Mzazi mmoja mmoja hukataliwa kirahisi.
- Futi ya chuma ya fundi, ndefu, ya mita 30. Ya kitambaa inavutika.
- Stopwochi tatu.
- Daftari gumu na penseli. Kalamu ya wino ikiguswa na maji, muda wa asubuhi nzima unageuka doa la bluu.
- Miwani miwili ya kuogelea, kofia, na mavazi mawili ya mazoezi.
- Ubao wa kupigia miguu.
- Cheti cha kuzaliwa na, mapema iwezekanavyo, pasipoti.
- Mtu mzima anayejua kuokoa, amesimama kando ya bwawa muda wote. Hili halina mjadala hata kama mtoto ni bingwa wa mkoa.

Usichohitaji kwa sasa: vazi la mbio la bei mbaya, mapezi, na makopo ya protini. Mitumba ya Memorial pale Moshi hutoa mavazi mazuri ya mazoezi kwa bei ya kawaida. Vazi la mbio tutalifikia mbele.

## Hatua ya 1: Pima bwawa lenyewe

Ukitaka namba zako ziaminike, anza na ukuta. Lala kifudifudi ukingoni, mwenzako ashike futi upande wa pili, mpime kutoka ukuta hadi ukuta kwenye njia ileile mtoto atakayoogelea. Rudieni kwenye njia nyingine mbili. Bwawa la mashindano likipungua mita 25 hata kwa sentimita moja halifai. Likizidi, kinachovumilika ni kidogo sana.

Mabwawa ya hoteli hujengwa kwa ajili ya watalii wanaoshuka Kilimanjaro na miguu inauma, si kwa mbio. Utakuta la mita 22 ambalo kila mtu analiita la 25. Mtoto anayekwenda mita 1.5 kwa sekunde hupata hapo sekunde 2 za bure kila urefu mmoja. Kwenye mita 100 ni sekunde 8. Akienda Dar es Salaam, sekunde hizo 8 zinamrudia, na mzazi anaanza kulaumu safari ya basi.

Pima na kina. Kanuni za World Aquatics, shirikisho la dunia lililoitwa FINA hadi mwishoni mwa 2022, zinataka kina kisichopungua mita 1.35 kuanzia mita 1 hadi mita 6 kutoka kwenye ukuta wenye jukwaa la kurukia.

Onyo: kama upande wa kurukia ni wa kina kifupi, mtoto aanzie ndani ya maji kwa kusukuma ukuta. Kichwa kikigonga sakafu shingo inavunjika, na hakuna muda unaolipa hilo.

Umefanikiwa ukiwa na: ukurasa wa kwanza wa daftari wenye jina la bwawa, urefu wake, kina pande zote mbili, na tarehe ya kupima.

## Hatua ya 2: Tafuta mwendo wake wa kweli, halafu ufanyie kazi

Makocha wengi wa kujitolea huwaambia watoto "nenda kwa nguvu" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Matokeo yake mtoto ana mwendo mmoja tu, wa kuchoka. Kuna kipimo rahisi kinachohitaji bwawa na stopwochi tu.

Baada ya kupasha mwili, aogelee mita 400 za mtindo huru kwa uwezo wake wote. Apumzike kama dakika 10 akiwa anaogelea taratibu. Kisha mita 200, nazo kwa uwezo wote. Toa muda wa 200 kwenye muda wa 400, halafu gawanya kwa 2. Unachopata ni muda wa mita 100 anaoweza kuushikilia kwa umbali mrefu.

Mfano: 400 kwa dakika 6:00, 200 kwa dakika 2:50. Tofauti ni dakika 3:10, yaani sekunde 190. Gawanya kwa 2, unapata 95. Mwendo wake ni dakika 1:35 kwa kila mita 100. Sasa seti yenye maana ni mita 100 mara nane, kila moja kwa 1:35, na sekunde 15 za kupumzika ukutani. Ya kwanza akienda 1:25 na ya nane 1:48, hajafanya seti hiyo, hata kama ametoka akihema kama mshindi.

Rudia kipimo kila baada ya wiki sita. Kila siku ni fujo.

Idadi ya mazoezi inategemea umri. Wa miaka 10 hadi 12, mara tatu au nne kwa wiki zinatosha kabisa, nusu ya muda ukienda kwenye ufundi: kichwa kikae wapi, mkono uingie wapi, miguu isipige kutoka gotini. Wa miaka 15 na kuendelea anayelenga kimataifa anahitaji sita au zaidi, na hapo ndipo familia hupasuka, maana bwawa la shule linafunguliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri na darasa linaanza saa mbili. Kaeni na mwalimu wa darasa mwanzoni mwa muhula, si wiki ya mitihani.

Baridi ya Arusha nayo ina neno lake. Jiji liko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti bwawa lisilopashwa moto hushuka chini ya nyuzi 25, kiwango cha chini kabisa cha mashindano. Miezi hiyo fupisha mapumziko ya ukutani, gawa zoezi liwe fupi na la kasi, na mtoto midomo ikianza kubadilika rangi atoke, avae, anywe kitu cha moto. Moshi, iliyo chini zaidi, ina nafuu. Kuna kikundi ninachokifahamu kinachohamishia mazoezi ya Jumamosi Moshi kila Julai. Si anasa, ni akili.

Chakula kisikutoe jasho. Uji wa ulezi kabla, mtori au wali na maharage baada, maji ya kutosha. Mtoto anayeogelea alfajiri bila kula kitu atakuonyesha kwenye seti ya pili.

Umefanikiwa ikiwa: vipimo vitatu mfululizo vinashuka, na mita 100 ya mwisho ya seti haipishani na ya kwanza kwa zaidi ya sekunde 2 au 3.

## Hatua ya 3: Ondoa makosa yanayofuta matokeo

Mtoto anaweza kushinda mbio na bado asiwe na muda, kwa sababu mwamuzi kamfutia. Haya ndiyo yanayowakamata wa kwetu mara nyingi:

- Kuondoka kabla ya ishara. Hakuna onyo la kwanza. Ukitangulia umeondolewa.
- Chura na kipepeo: mikono yote miwili iguse ukuta kwa pamoja, kila mgeuko na mwisho. Mkono mmoja ukitangulia, kwaheri.
- Chura: baada ya kuruka na kila baada ya mgeuko, teke la kipepeo linaruhusiwa mara moja tu, kabla ya teke la kwanza la chura.
- Mgongo, kipepeo na mtindo huru: kichwa kitoke juu ya maji kabla ya mita 15. Fungeni utepe wa rangi kwenye mita 15 za bwawa lenu mtoto azoee.
- Mtindo huru: sehemu yoyote ya mwili iguse ukuta kila mgeuko. Kubinuka mbali na ukuta ni kosa la kila wiki.

Mwambie mzazi mwenzako asiye na mtoto kwenye mbio hiyo asimame ukutani kama mwamuzi. Wewe utamwonea huruma wa kwako.

## Hatua ya 4: Msajili, jina liandikwe sawasawa

Hakuna anayejipeleka mwenyewe kwenye mashindano ya dunia. Fomu zinatoka kwa chama cha taifa, na kwetu ni Chama cha Kuogelea Tanzania (TSA). Mwogeleaji husajiliwa kupitia klabu au shule yake. Kama shule yenu haina klabu, jiungeni wazazi muianzishe na kufuata taratibu za usajili wa michezo, au mtoto aingie klabu iliyopo Arusha, Moshi, ikibidi hata Dar.

Kabla ya kusaini, weka cheti cha kuzaliwa, pasipoti na fomu ya klabu mezani, kimoja kando ya kingine. Massawe wa cheti asiwe Masawe wa fomu. Mushi asigeuke Moshi. Tarehe ya kuzaliwa iwe moja. Mfumo wa matokeo hauna habari kwamba mnamjua. Ukiona majina mawili unahesabu watu wawili, na muda wa mmoja haumsaidii mwingine.

## Hatua ya 5: Pata muda unaotambulika

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo soma taratibu.

Kwanza, upimaji. Kwenye mashindano ya klabu, kama hakuna mashine ya kielektroniki, weka wapima muda watatu kila njia. Stopwochi mbili zikikubaliana, muda wao ndio unaohesabika. Zote tatu zikitofautiana, unachukua wa katikati. Zikifanya kazi mbili tu, unachukua wastani. Usichukue ulio mzuri zaidi, hata kama mtoto ni wa mwenyekiti.

Kila mpima muda aanzishe saa kwa mwanga au moshi wa ishara inapowezekana, maana sauti inachelewa kumfikia aliye mbali. Aisimamishe mkono unapogusa ukuta, macho yakiwa juu ya ukuta wenyewe, si juu ya uso wa mtoto. Karatasi ijazwe palepale: jina, njia, mtindo, umbali, muda wa stopwochi zote tatu, sahihi.

Pili, aina ya bwawa. Bwawa la mita 25 huitwa fupi, la mita 50 refu. Mita 100 kwenye bwawa fupi zina migeuko mitatu, kwenye refu mmoja, na kila mgeuko ni nafasi ya kusukuma ukuta na kupata kasi ya bure. Ndiyo maana muda wa bwawa fupi ni mzuri kuliko wa refu. Kwa ndani ya nchi mtoto anaweza kujijengea jina kwenye bwawa fupi. Kwa Olimpiki na Mashindano ya Dunia ya bwawa refu, unaohesabika ni wa mita 50, tena kwenye mashindano yaliyoidhinishwa na World Aquatics kuwa ya kufuzu.

Kuna aina ya tatu inayowachanganya wazazi wanaotafuta vyuo Marekani: bwawa la yadi 25, ambalo ni mita 22.86. Mpwa wa jirani akikutumia muda wake wa chuo, usiulinganishe na wa mwanao kabla ya kuubadilisha.

Tatu, wapi pa kuogelea mita 50. Kwa mtu wa Arusha, jibu la karibu liko Nairobi, kwenye bwawa la Kasarani. Kupitia Namanga ni safari ya saa tano au sita, karibu nusu ya kwenda Dar kwa basi. Kujiandikisha kwenye mashindano ya wenzetu kunapitia chama chetu, ambacho huwaandikia barua. Anza miezi miwili kabla. Mtoto awe na pasipoti yake, na kama hasafiri na wazazi wote wawili, abebe barua ya ridhaa ya asiyekuwepo.

Fika angalau siku moja kabla ili aogelee humo. Mtoto wa bwawa fupi akifika mita 30 na kuona ukuta bado uko mbali hupaniki, anaharibu hesabu ya mikono na kufa mita 40. Nimeona hata wa miaka 16 mwenye mabega ya mtu mzima akisimama katikati ya mazoezi ya Kasarani na kushika kamba ya njia. Mpe mita 50 nne za taratibu, akihesabu mikono, kabla hujamruhusu kukimbia.

Nne, vazi. Kwenye mashindano makubwa vazi lazima liwe limeidhinishwa na World Aquatics, lenye alama yake. Ni moja tu, halivaliwi juu ya jingine. La wanaume lisipande juu ya kitovu wala kushuka chini ya goti. La wanawake lisifunike shingo, lisipite mabega wala goti. Kama umelipata mitumbani, angalia alama kabla hujalipa. Ikiwa imefutika, libaki la mazoezi.

Umefanikiwa ukiwa na: karatasi rasmi ya matokeo yenye jina la mashindano, tarehe, urefu wa bwawa, na jina la mtoto lililoandikwa kama kwenye pasipoti. Ihifadhi kwenye barua pepe, si kwenye simu tu.

## Hatua ya 6: Jua muda huo unafungua mlango gani

World Aquatics ina alama za kulinganisha mitindo yote. Chukua muda wa msingi, ambao hufuata rekodi ya dunia, ugawe kwa muda wa mtoto. Jibu liweke kipeo cha tatu (jibu × jibu × jibu), kisha zidisha kwa 1,000.

Jaribu na mita 100 mtindo huru wanaume, bwawa refu. Pan Zhanle wa China aliweka rekodi ya sekunde 46.40 Paris 2024. Kijana wako akiogelea dakika 1:00.00, ana alama 462. Akishuka hadi sekunde 55, ana 600. Fanya hesabu hiyo kwa mitindo yake yote. Wengi hugundua kwamba wanamng'ang'aniza mtindo huru kumbe alama zake za chura ziko juu zaidi, na huko ushindani wa hapa nchini ni mdogo.

Ngazi zenyewe ni hizi: mashindano ya klabu, ya taifa, ya kanda ya Afrika, ya bara, kisha Jumuiya ya Madola, Mashindano ya Dunia na Olimpiki. Usiruke. Kila ngazi humzoesha chumba cha kuitia waogeleaji, kelele, na kusubiri.

Kuhusu Olimpiki niseme wazi. Kwa Paris 2024 muda wa kufuzu moja kwa moja wa mita 50 mtindo huru ulikuwa sekunde 21.96 kwa wanaume na 24.70 kwa wanawake. Waogeleaji wetu hupita mlango mwingine: nchi isiyo na aliyefuzu inaweza kuomba nafasi ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wakichaguliwa kwa alama. Kwa Paris, aliyeombewa ilibidi awe ameshiriki Mashindano ya Dunia ya Fukuoka 2023 au Doha 2024. Collins Saliboko na Sophia Latiff ndio waliobeba bendera yetu bwawani Paris. Magdalena Moshi aliogelea London 2012 na Rio 2016.

Wengine husema nafasi hizo ni za bure. Sikubaliani. Ni moja kwa kila jinsia, nchi nzima, kila miaka minne, na anayezipata ni yule aliyekuwa na karatasi zake miaka miwili kabla.

Kwa Los Angeles 2028, mita 50 za mgongo, chura na kipepeo zimeongezwa kwenye Olimpiki. Hiyo ni habari njema kwa mtoto mwenye kasi asiye na pumzi ya mita 100. Pakua waraka wa kufuzu wa michezo hiyo mwenyewe na uusome. Masharti ya Paris yasichukuliwe kama ya kudumu.

## Hatua ya 7: Uraia na dawa

Haya mawili huchekwa hadi siku yanapouma.

Familia zenye mzazi mmoja wa nje ni nyingi Arusha na Moshi. Sheria yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo mtoto akikaribia miaka 18 amueni ataogelea chini ya bendera ipi, mapema, mkiwa mezani na si uwanja wa ndege.

Orodha ya dawa zilizokatazwa hutolewa upya na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, na kuanza kutumika kila Januari 1. Kanuni ni kali: kilichokutwa mwilini ni chako, hata kama alikupa shangazi. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini ni mtego wa kawaida siku za mashindano. Mirungi, mbali na kuwa haramu kisheria nchini, ina kathini ambayo imo kwenye orodha. Mitishamba ya barabarani haina karatasi ya viambato, basi mwogeleaji aliye kwenye msimu asiiguse. Mwenye pumu au ugonjwa wa kudumu, ambaye dawa yake imo kwenye orodha, aombe kibali cha matibabu kupitia chama kabla ya kusafiri, akiwa na barua ya daktari.

## Hatua ya 8: Omba ufadhili kwa namba

Kuna milango mitatu ya kweli: ufadhili wa World Aquatics unaopitia TSA, ufadhili wa Mshikamano wa Olimpiki unaopitia Kamati ya Olimpiki Tanzania, na vyuo vya Marekani. Kwa vyuo, fahamu kwamba vya daraja la tatu la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya huko, havitoi ufadhili wa michezo. Husaidia kwa masomo na uwezo wa familia. Kwa hiyo cheti cha kidato cha nne kina uzito uleule wa stopwochi.

Barua kwa kocha wa chuo iwe ya ukurasa mmoja: jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kumaliza shule, urefu wa mwili, mitindo miwili bora, muda wa kila mmoja na aina ya bwawa, kiungo cha matokeo rasmi, na video ya mbio moja iliyopigwa kutoka pembeni, kuanzia kuruka hadi kugusa ukuta, bila muziki. Ongeza mstari mmoja kuhusu mazingira: bwawa la mita 25, halipashwi moto, mazoezi mangapi kwa wiki. Kocha anayejua kazi yake ataona mtoto mwenye sekunde 57 kutoka bwawa la namna hiyo bado ana nafasi ya kushuka.

Mtoto aiandike mwenyewe. Tuma mwanzoni mwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na baada ya kila mashindano yenye muda mpya tuma tena mistari miwili, karatasi ya matokeo ikiwa imeambatishwa.